Jengo la walinzi: paa kwanza, chokaa baadaye, kabati za maonyesho mwisho

Swali: Shikamoo Maalim. Mimi ni katibu wa kikundi cha mtaa, upande wa bara hapa Mombasa. Tuna jengo kuukuu la walinzi karibu na hori: vyumba vitatu vya mawe, ukuta wa boma ulioanguka upande mmoja, na mzinga umelala majanini. Wazee wanasema lilikuwa la askari waliolinda kivuko, baadaye likawa kituo cha polisi, kisha ghala. Tunataka liwe makumbusho. Mfadhili yuko tayari, ila anataka lifunguliwe kabla ya Desemba. Kontrakta anasema kuta zipigwe plasta ya saruji na rangi, ukuta ulioanguka ujengwe upya, na mzinga upakwe rangi nyeusi. Wenzangu wengine wanasema ni gofu, liachwe lilivyo. Tuanzie wapi, na nani ana haki?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba mmeuliza kabla mwiko haujagusa ukuta, maana wengi huuliza baada ya pesa kwisha na plasta kuanza kubanduka.

Nikujibu kwanza kwa mkato. Kontrakta wenu hana haki katika lolote kati ya hayo matatu. Wenzako wanaosema liachwe wana haki nusu: ukuta ulioanguka usijengwe upya, lakini jengo la mawe ya pwani ukiliacha lilivyo halibaki lilivyo. Linaanguka. Na mfadhili wenu ana nia njema, ila tarehe yake itawaponza. Mkishikilia Desemba mtatengeneza kinachoonekana kwenye picha za ufunguzi, na mtaacha kile kinachofanya jengo lisimame.

Kabla ya mengine yote nendeni mkapate ruhusa. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inakataza mtu kubadilisha, kubomoa au kuchimba mahali palipotangazwa kuwa urithi wa taifa bila idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ikiwa jengo lenu halijatangazwa kwenye gazeti la serikali, msidhani mko huru. Chukueni picha, mwende ofisi za Makumbusho pale Fort Jesus, mwombe waje waliangalie, na muulize kama linaweza kutangazwa. Kutangazwa ndiko kutakakolikinga siku mtu mwenye hati ya kiwanja atakapotokea na tingatinga. Mzinga nao una hukumu yake: kitu kinachohamishika kilichotengenezwa nchini au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kinahesabiwa kuwa cha kale, na hakiuzwi wala hakihamishwi kiholela. Hakikisheni pia ardhi ni ya nani, na kaunti inasemaje. Kazi hii ya makaratasi inachosha, lakini nimeona kikundi kikiweka jasho la miaka kwenye jengo ambalo mwishowe hakikuwa na karatasi hata moja ya kulishika.

Sasa tuje kwenye jengo lenyewe.

Majengo ya walinzi wa mpakani hayakujengwa kama Fort Jesus. Ile Wareno waliianza 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa msanifu wao mkuu huko India, na waliichonga juu ya mwamba wenyewe, ikawa na kuta zenye unene wa zaidi ya mita 2. Ilikusudiwa kudumu, na imedumu: imepigwa mizinga, imezingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, imekuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, na 2011 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ngome ndogo za pembeni ni habari nyingine. Wareno walikuwa na vingome pale Makupa vya kulinda kivuko kutoka bara, na leo mtu anapita pale bila kujua. Kituo cha walinzi kilijengwa kwa haraka, mara nyingi na askari wenyewe, kwa mawe yaliyokuwa karibu, juu ya msingi mfupi. Hakuna aliyefikiri kitahitajika baada ya miaka mia. Kwa hiyo msitegemee kwamba kwa kuwa kimesimama hadi leo basi ni imara. Kimesimama kwa sababu kila aliyekaa ndani, awe askari, polisi au mwenye ghala, alikuwa akiziba paa lake. Udhaifu wa jengo kama hilo huanza siku paa linapokosa mwenyewe.

Ndiyo maana naanza na paa. Mombasa hupata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka kati ya Aprili na Juni. Paa la mita za mraba 60, ambalo nakisia haliko mbali na la vyumba vyenu vitatu, hupokea zaidi ya lita 60,000 katika mwaka mmoja. Jiulizeni maji hayo yanakwenda wapi. Kama yanateremka ukutani, au yanatua chini ya ukuta na kusimama hapo, basi hakuna plasta, rangi wala dawa itakayowasaidia. Kama paa la asili lilikuwa la boriti na chokaa iliyopondwa, na limeanguka, msikimbilie kumwaga zege juu ya kuta za zamani. Uzito wake hauwezwi na kuta hizo, na nondo zake zitaota kutu kwa hewa ya bahari, zivimbe, zipasue. Paa jepesi la muda, la mbao na mabati au la makuti, lililotokeza nje ya ukuta kiasi cha kutosha, linatosha kuliokoa jengo kwa miaka ambayo mtakuwa mnatafuta pesa na mafundi wa kulirudisha la asili. Lisitobolewe ukutani, lisimame kwa nguzo zake lenyewe kama inawezekana.

Hili la paa la kinga hufanywa hata kwenye makumbusho yenye pesa nyingi. Fort Davis, kambi ya jeshi la Marekani huko Texas iliyoanzishwa 1854 kulinda njia ya wasafiri wa kwenda El Paso, ilipoingia mikononi mwa idara ya hifadhi za taifa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa na nyumba nyingi zisizo na mapaa. Kazi kubwa ya mwanzo ilikuwa kuzirudishia nyumba za maofisa mapaa na baraza zake, ili kuta za mawe na za udongo zisiendelee kuliwa na mvua. Vyumba vya kupambwa vilisubiri.

Baada ya paa, tazameni chini. Milizamu ipeleke maji mbali na msingi. Miaka mingi ya takataka na udongo uliorundikana huinua ardhi ya nje hadi ikawa juu kuliko sakafu ya ndani, na hapo ukuta hunywa maji kutokea chini mwaka mzima. Ondoeni udongo huo taratibu, lakini si kwa jembe la pupa: ndani yake mna vigae, risasi, vifungo vya sare, mabomba ya kuvutia tumbaku, na vyote hivyo ni habari za watu walioishi hapo. Ombeni mtaalamu wa akiolojia awepo. Na tafadhali msizungushe sakafu ya saruji nje ya ukuta ili mahali paonekane safi. Maji yaliyo chini yake hayataacha kuwepo. Yatatafuta njia, na njia iliyobaki ni ukuta wenu.

Hapa ndipo penye ugomvi wangu na saruji, na nitakaa kidogo.

Jiwe la pwani yetu, liwe la mwamba wa kuchimba au tumbawe laini la kuchonga, limejaa vitundu. Linapitisha maji na linapitisha hewa. Wazee waliojenga nalo walilijua hilo, wakaliunganisha na kulipaka kwa chokaa, ambayo nayo inapitisha. Maji yakiingia ukutani, hutoka. Isitoshe, kando ya hori maji hayo hayaji peke yake. Upepo wa kusi unaleta rasharasha za bahari zenye chumvi, na mara nyingi mchanga wenyewe uliotumiwa na wajenzi ulitoka ufukweni. Chumvi hii ya kawaida ina tabia moja ambayo kila mwenye jengo la kale Mombasa anapaswa kuijua: unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 75 huyeyuka yenyewe, ukishuka chini ya hapo huganda tena kuwa chembe. Hewa ya Mombasa huvuka mpaka huo mara kwa mara, usiku ikipanda na mchana jua likikolea ikishuka. Chembe zinapoganda ndani ya vitundu vya jiwe huvisukuma kuta zake kwa nguvu, na jiwe huanza kutoa unga. Ule unga mweupe unaoukuta asubuhi chini ya ukuta ni jiwe lenyewe likisagika.

Plasta ya chokaa hukubali kuumia badala ya jiwe. Unyevu hutoka kupitia kwake, chumvi hugandia humo, baada ya miaka kadhaa plasta huchakaa, nanyi mnaibandua na kupiga nyingine. Jiwe linabaki zima. Plasta ya saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake na haipitishi unyevu vizuri. Kuifunika nayo ukuta wa matumbawe ni kumvisha mtu koti la mvua mwezi wa Februari. Kwa mwaka wa kwanza na wa pili itapendeza kweli, na hapo ndipo kontrakta atakapowaonyesha kazi yake. Kisha itaanza kutoa mlio mtupu ukiigonga kwa kidole, maana chumvi imegandia nyuma yake. Mwisho itaanguka kwa mapande makubwa, na kila pande litaondoka na sehemu ya jiwe. Nimesimama mbele ya kuta za namna hiyo na kuweka mkono ndani ya shimo ambamo zamani palikuwa na jiwe. Hakuna dawa ya kulirudisha.

Kama tayari kuna viraka vya saruji vya enzi za polisi, msivivunje vyote kwa nyundo. Vile vilivyolegea viondoeni kwa patasi ndogo, kwa subira. Vilivyoshikana sana na jiwe, na havileti madhara dhahiri, viacheni. Kuving'oa kutaumiza kuliko kuviacha. Rangi ya mafuta na ile ya plastiki nayo ina kosa lile lile la kuziba. Ukuta upakwe chokaa, nyembamba kama maziwa, mikono mitano au sita, kila mmoja ukingoja uliotangulia ukauke. Itabidi kurudiwa kila mwaka mmoja au miwili, na gharama yake ni ndogo kiasi kwamba vijana wenu wenyewe wanaweza kuifanya.

Kuhusu chokaa yenyewe: siku hizi hakuna haja ya kuchoma matumbawe, na kuyatoa baharini ni kuharibu miamba na kujitafutia kesi. Kama mtapata chokaa mbichi iliyotoka tanurini, izimeni kwenye pipa au shimo, na kumbukeni kwamba chokaa ndiyo inayotiwa ndani ya maji kidogo kidogo, si maji kumwagiwa chokaa, kwa sababu inachemka na kuruka. Miwani na glavu ni lazima. Chokaa ikiingia jichoni inaweza kulipofua. Ikishazimwa iacheni chini ya maji wiki nyingi, miezi ikiwezekana. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika. Mkikosa hiyo, chokaa ya mfuko inafaa, mradi mfuko ni mpya na chokaa yake imeloweshwa majini angalau tangu jana yake. Mchanga uwe wa shimoni au wa mtoni, wenye chembe kali za ukubwa tofauti, uliooshwa. Msichote ufukweni hata kama ni bure na uko hatua chache tu. Kwa kuanzia pimeni debe moja la chokaa kwa madebe mawili na nusu au matatu ya mchanga, kisha linganisheni na plasta ya zamani: vunjeni kipande kilichokwisha kuanguka, mtazame rangi na ukubwa wa mchanga wake, mfuate huo.

Mkono mmoja wa plasta usizidi unene wa sentimita 1. Lowesheni ukuta kwanza, na baada ya kupiga funikeni kwa magunia mabichi, muyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani, kazi ya pole sana, na jua kali likiikausha kabla ya wakati itabaki unga. Ndiyo sababu kazi hii ifanywe baada ya masika kwisha, kuanzia Julai hadi Septemba, wala si kaskazi ikiwa imekolea mwezi wa Januari. Tafuteni mwashi mzee wa Mji wa Kale au wa Lamu aliyewahi kufanya kazi ya chokaa, mlipeni vizuri, na mmwekee vijana wawili wa kikundi wajifunze mkononi mwake. Nakuambia hili kwa mkazo: ujuzi huo ukikaa ndani ya kikundi chenu utawafaa kuliko jenereta, kompyuta na viti vyote ambavyo mfadhili anaweza kununua.

Halafu kuna mimea. Ndege hula matunda ya mtini na mwarobaini, huacha mbegu juu ya ukuta, na mzizi huingia kwenye nyufa ukitafuta maji. Msiuvute. Mti mdogo ukiuvuta unatoka na jiwe. Ukateni usawa wa ukuta, pakeni kisiki dawa ya kuua mti siku hiyo hiyo, ngojeni mzizi ufe na kulegea, ndipo muusafishe na kuziba ufa kwa chokaa na vijiwe. Mti mkubwa uliokumbatia ukuta ni mwingine: pengine ndio unaoushikilia. Huo usiguswe kabla mhandisi hajauona.

Ukuta ulioanguka. Najua inavyouma kuona boma lina pengo, na najua mgeni angependa kuona buruji zima lenye matundu ya bunduki. Lakini hamna picha wala mchoro unaoonyesha lilivyokuwa, au kama upo hukunitajia. Mkijenga kwa kukisia, mtakuwa mmejenga ukuta wa mwaka huu na kuwaambia watoto kwamba ni wa zamani. Imarisheni kilichobaki. Juu ya ukuta uliokatika, mahali mvua inapoingia katikati, funikeni kwa tabaka la mawe madogo na chokaa lililoinama kidogo ili maji yateleze. Mawe yaliyo chini yapangeni pale pale yalipoangukia, myapige picha, kila moja likiwa na alama. Mahali ambapo pana hatari ya kuanguka zaidi, jengeni nguzo ya kuegemeza, na ionekane wazi kwamba ni mpya. Huko Fort Union, New Mexico, boma la jeshi lililoanzishwa 1851 na kuachwa 1891, kuta za matofali mabichi ya udongo zimesimama uwandani bila mapaa, na watunzaji wake huzipaka udongo upya mara kwa mara ili mvua iule udongo wa leo na kuuacha wa zamani. Hawakuijenga kambi upya. Mgeni hufika, huona magofu, na huelewa ukubwa wake.

Nanyi mchunguze kwanza kama ukuta huo ulikuwa na chokaa tokea awali. Ngome nyingine za vita hazikuwa nayo. Kule Taita-Taveta, ambako Waingereza na Wajerumani walipigania mpaka katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kuna kuta za kujikingia zilizopangwa kwa mawe makavu tu, na mitaro ya udongo kama ile ya kilima cha Salaita, palipopiganwa Februari 1916. Jiwe kavu likitiwa chokaa au saruji hupoteza ule mwanya mdogo unaoliwezesha kucheza na kupitisha maji. Mtaro wa udongo nao adui yake mkubwa ni nyayo za wageni wenyewe. Unahitaji nyasi na njia iliyochorwa pembeni.

Mzinga usiuguse mtu kwanza. Nasema hivyo kwa sababu ya usalama: mizinga ya zamani imewahi kukutwa duniani ikiwa bado ina baruti na tufe ndani. Watu wa Makumbusho au wa jeshi wauangalie. Baadaye inueni kutoka ardhini, muulaze juu ya vitako vya mbao ngumu au vya mawe, mdomo ukiwa umeinama kidogo ili maji ya mvua yasikae ndani. Chuma cha kusubu kilichokaa kando ya bahari kimeshiba chumvi, na rangi nyeusi juu ya kutu itafunika ugonjwa uendelee kwa siri. Baada ya muda chuma huvuliwa ngozi kwa maganda mapana. Inabidi kutu iliyolegea iondolewe kwa mkono, kioshwe na maji baridi yasiyo na chumvi tena na tena, kikaushwe, ndipo kitiwe dawa ya kutuliza kutu na kinga ya juu. Msikubali kupulizwa mchanga kwa mashine. Alama za kiwanda na za mfalme, ambazo ndizo zinazoeleza mzinga ulitoka wapi, zitafutika kwa dakika. Fort Jesus ina maabara yenye uzoefu wa kazi hii, tangu siku za kuopoa vitu vya jahazi la vita la Wareno, Santo António de Tanná, lililozama mbele ya ngome 1697 na kuchimbwa baharini kati ya 1977 na 1980. Mbao za ubavu wa meli hiyo ziliachwa chini ya maji baada ya kupimwa na kuchorwa, kwa sababu huko ndiko zilikokuwa salama. Kila kikundi kinachotaka kuopoa na kubeba kingefaa kukumbuka uamuzi ule.

Na mkitaka kuona jinsi silaha inavyoweza kubeba habari, nendeni mtazame mizinga miwili iliyo nje ya Fort Jesus, mmoja wa manowari ya Kijerumani Königsberg na mwingine wa manowari ya Kiingereza Pegasus. Königsberg iliizamisha Pegasus pale Unguja Septemba 1914, yenyewe ikaishia delta ya Rufiji Julai 1915, na leo mizinga yao inakaa pamoja Mombasa. Bila maelezo mafupi pembeni, mtoto angeona vyuma viwili tu vya kupandia.

Hilo linanileta kwenye maonyesho, na hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa mambo yake mengi mtayapata kwa kuuliza. Jengo ndilo kitu chenu cha kwanza cha kuonyesha. Msipigilie misumari kwenye mawe. Mabango yasimame kwa miguu yake. Nyaya za umeme zipite juu ya ukuta ndani ya mabomba, ukuta usichimbwe. Kabati na picha zisigusane na ukuta wa nje, acheni upana wa kiganja ili hewa ipite, la sivyo karatasi zitaota ukungu msimu wa kwanza wa mvua. Barua na picha halisi za familia za watu zisibaki humo. Wekeni nakala, asili ikae nyumba kavu. Madirisha yaachwe yapumue, yakiwa na wavu wa kuzuia popo na kunguru, kwani kinyesi chao hula chokaa na mbao pamoja. Njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu iwe ya mbao, iliyoegemezwa tu, ili siku moja iweze kuondolewa bila kuacha kovu.

Ila kuhusu habari zitakazosimuliwa, sitaki mwende haraka. Kituo cha mpakani kina watu wa ndani na watu wa nje, na kawaida makumbusho huwakumbuka wa ndani peke yao: kapteni, bendera, mzinga. Hata Fort Jesus, katika ule mzingiro mkubwa, ilifika wakati 1697 maradhi yalipowamaliza Wareno, na waliobaki kuishikilia ngome hadi msaada ulipofika walikuwa Bwana Daudi wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, na watu wake, pamoja na Waafrika wengine, wanaume kwa wanawake. Wageni wangapi hutoka pale wakilijua jina lake? Kwenu ulizeni nani alikuwa akivuka kivuko hicho, alibeba nini, alizuiwa kwa nini, nani alichota maji ya askari, nani alifungwa usiku enzi za polisi. Warekodini wazee hao mwezi huu. Kuta zinaweza kungoja kuliko wao. Na msifute alama za miaka ya baadaye mkitafuta ngome safi ya zamani. Nambari ya chumba cha mahabusu, mistari ya mtu aliyehesabu siku ukutani, hata maandishi ya mwenye ghala juu ya mlango, vyote ni maisha ya jengo. Pigeni picha, mvikinge kwa plasta ya pembeni, mviache. Ngome ya Lamu iliendelea kuwa gereza hadi 1984 kabla ya kukabidhiwa Makumbusho, na wapo watu hai wanaoikumbuka kwa miaka hiyo kuliko kwa mizinga yake.

Sasa mfadhili. Mwandikieni kwa adabu na mmweleze hivi: mwaka wa kwanza ni ruhusa, kupima na kuchora, paa la kinga, maji, na mimea. Mwaka wa pili ni chokaa na kuimarisha ukuta. Maonyesho yanafuata. Badala ya kutoa fungu lote la ufunguzi, mwombeni atenge sehemu iwe ya matunzo ya miaka mitano: kupanda juu ya paa kila Machi kabla ya masika, kuzibua milizamu, kukata vichipukizi, kupaka chokaa kila Agosti, na mshahara wa mtu mmoja ambaye kazi yake ni kulizunguka jengo kila juma akiwa na daftari na simu ya kupiga picha. Kila picha ipigwe kutoka mahali pale pale, na kila ufa uwekewe alama ya penseli yenye tarehe kwenye ncha zake, ili ukirefuka mjue. Fedha za kutengeneza mara moja zinapatikana. Wafadhili wanazipenda kwa kuwa zina utepe wa kukata. Za kutunza ni shida kupata, na makumbusho madogo mengi yamefungwa kwa kukosa hizo. Mfadhili akikataa kabisa kusogeza Desemba, basi mpeni Desemba isiyoumiza jengo: siku ya wazi ya mtaa, paa la kinga likiwa limekamilika, wazee wamekaa kivulini wakisimulia, na wageni wakionyeshwa na mwashi jinsi chokaa inavyozimwa. Hiyo nayo ni makumbusho, tena ya ukweli.

Nitumie picha kabla sijasema zaidi: paa kutoka juu, pembe nne za jengo usawa wa ardhi, ukuta ulioanguka kutoka pande zote mbili, na plasta ya ndani mahali inapobanduka, kila picha ikiwa na rula au fimbo ya mita pembeni. Tuma pia namba ya kiwanja mkiipata. Kontrakta mwambieni asimamishe kuleta saruji mpaka watu wa Makumbusho wafike.